Nilikuwa Naiba Stima ya Nani?

Kwa miezi 14 nilipika, nikachaji simu, nikapiga pasi na kuandikia watu makala za intaneti kwa stima ambayo sikuilipia. Ama tuseme niliilipia, ila si kwa mwenyewe. Huko Huruma tunaiita stima ya sambaza. Neno lenyewe lina utamu wake. Kusambaza ni kugawa, na nani ashawahi kushtakiwa kwa kugawa?

Nilihamia huko baada ya kuacha chuo nikiwa mwaka wa tatu. Watu hupenda kusikia kwamba niliacha kwa sababu nilikuwa na ndoto kubwa, lakini ilikuwa karo. Chumba kilikuwa orofa ya nne, dirisha likitazama dirisha la jirani umbali wa mkono. Siku ya pili, kabla hata sijapata pazia, fundi alibisha. "Boss, unataka ya mita ama ya sambaza?" Ya mita ilikuwa ya mwenye nyumba, na bili aliigawa kwa hesabu anazozijua yeye na Mungu wake. Ya sambaza ilikuwa shilingi 400 kwa mwezi, upike usipike, ulale usilale. Fundi alipitisha waya juu ya mlango, akaufunga na gundi nyeusi, akaenda zake. Dakika kumi hivi.

Ukilipa bei moja kwa mwezi mzima, koili haizimwi. Hiyo nimeiona kwa macho. Jirani yangu alikuwa anabandika maharagwe saa mbili asubuhi na kuyaepua jioni. Mimi mwenyewe, usiku wa baridi ya Julai, niliwasha koili nikaiacha iwe nyekundu katikati ya chumba nikiandika. Kama ningekuwa nanunua tokeni, ningevaa sweta.

Na nilikuwa na majibu tayari, kwa yeyote atakayeniuliza. Kwanza, siibii mtu, hiyo ni kampuni. Pili, kampuni ina hela. Tatu, wakubwa wanaiba zaidi. Hakuna aliyeniuliza, kwa hivyo majibu yalikaa vizuri kichwani kwa muda mrefu.

Kisha Aprili moja, mvua ikinyesha, saa mbili na kitu usiku, transfoma ya barabara yetu ililipuka. Kulikuwa na kishindo, mwanga wa buluu uliomulika kuta zote, halafu giza lenye harufu ya mafuta yaliyoungua. Watu walipiga mbinja kama kawaida. Stima ikipotea Huruma huwa kuna mbinja, ikirudi kuna shangwe. Safari hii shangwe ilichelewa siku tisa.

Chini ya jengo letu kuna mama anayeuza samaki na juisi ya barafu. Tulimwita Mathe, wote, hata wazee. Chumba chake kina mita yake mwenyewe, na sijawahi kumwona akitumia waya wa sambaza. Alikuwa ananunua tokeni za shilingi hamsini hamsini, anabonyeza zile namba 20 moja moja akizisoma kwa sauti. Siku ya pili samaki waliharibika. Usiku wa tatu mtoto wake wa miaka sita, mwenye pumu, alishikwa na kifua. Nebulaiza ilikuwa hapo mezani, dawa ilikuwepo, soketi ilikuwepo. Tulimpakia kwenye boda katikati ya mama yake na mwenye pikipiki, wakaondoka kwenye mvua.

Mtoto alipona, nisikuweke roho juu. Lakini kesho yake Mathe alikuwa ameketi mlangoni, hajafungua biashara, akanisimamisha nikipita. "Wewe kijana umesoma," akasema. "Hebu niambie. Mimi nimelipa kila tokeni. Nimekosea wapi?"

Nilimwambia pole. Nilipanda ngazi nikakaa kwenye giza na simu yenye asilimia 11, nikatambua kwamba sikujua jibu kwa sababu sikujua stima inafanyaje kazi. Nilikuwa nimeitumia maisha yangu yote kama maji ya mvua.

Nimejifunza tangu siku hiyo. Haya ndiyo niliyoyapata.

Stima ya Nairobi haitengenezwi Nairobi kwa kiasi kikubwa. Inatoka kwenye mvuke wa Olkaria karibu na Naivasha, kwenye mabwawa matano ya Seven Forks kule mto Tana, kwenye mitambo 365 ya upepo karibu na Loiyangalani, na tangu mwisho wa 2022 nyingine inanunuliwa Ethiopia, inakuja kwa laini ya zaidi ya kilomita 1,000 hadi Suswa. Inasafiri ikiwa na nguvu ya kutisha, volti 132,000, 220,000, hadi 400,000 na zaidi, kwa sababu ukiisafirisha ikiwa dhaifu nyingi itaishia kuwa joto njiani. Ikifika vituo vya pembezoni kama Suswa, Isinya, Dandora na Embakasi inaanza kuteremshwa: 66,000, kisha 11,000, mpaka ile transfoma ya kijivu kwenye nguzo, inayotoa 240 ya kuingia kwako chumbani.

Jambo lililonishangaza ni kwamba stima ikiwa kwenye waya haina stoo. Bwawa linaweka maji, betri inaweka kidogo, lakini ile iliyo kwenye gridi inatengenezwa sekunde ile ile unayoitumia. Fikiria baiskeli moja ndefu, watu mia mbele wanapiga pedali, watu milioni nyuma wamepakiwa. Mwendo lazima ubaki ule ule. Umeme wetu unazunguka mara 50 kwa sekunde, Mombasa na Kisumu na Huruma kwa pamoja. Abiria wakiongezeka, pedali zinakuwa nzito na mzunguko unaanza kushuka. Mtu lazima aongeze nguvu mbele, ama ashushe abiria. Na wakishushwa wachache wamechelewa, baiskeli nzima inaanguka.

Imeshaanguka. Juni 2016 tumbili aliangukia transfoma kule kituo cha Gitaru, mitambo ikajizima, zaidi ya megawati 180 zikatoka kwa mpigo, na nchi nzima ikaingia gizani kwa saa kadhaa. Tumbili alinusurika. Tulicheka wiki nzima, nami nilicheka. Sasa nikikumbuka naona kile kichekesho kilikuwa kinasema nini: mimi niliyekuwa Nairobi na yule mnyama wa Tana tulikuwa tumeshika waya mmoja.

Watu wanaoangalia huo mwendo usiku na mchana wako kwenye kituo cha kitaifa cha udhibiti, ambacho kiko Juja Road. Juja Road hii hii, ninayovuka kwenda kununua sukuma. Nilipojua nilicheka peke yangu.

Saa yao ngumu ni jioni, kuanzia saa moja hivi hadi saa nne. Jua limezama kwa hivyo sola haipo. Watu wamerudi nyumbani, taa, televisheni, pasi, koili. Katika miaka hii kilele cha nchi kimepita megawati 2,000, na Nairobi na vitongoji vyake hula karibu nusu ya stima yote. Upepo ukilala jioni hiyo, wanalazimika kuwasha mitambo ya mafuta mazito, kama ile ya Athi River na Thika, ambayo ni ghali. Gharama ya hayo mafuta inaonekana kwenye tokeni ya kila mtu, ina mstari wake kabisa. Halafu kuna ile inayopotea. Kati ya kila uniti 100 zinazonunuliwa kutoka kwa wazalishaji, zaidi ya 20 hazifiki kwenye bili ya mtu yeyote. Nyingine ni joto la waya na transfoma. Nyingine ni mimi. Na EPRA inaruhusu sehemu ya hasara hiyo iingizwe kwenye bei.

Kwa hivyo jibu langu la kwanza, kwamba naibia kampuni, lilikufa hapo. Mathe alikuwa anabonyeza namba 20, na ndani ya zile shilingi hamsini kulikuwa na senti za koili yangu ya Julai.

Senti tu, najua. Hapo ndipo nilijificha mara ya pili. Nikasema, hata kama ni hivyo, mchango wangu ni mdogo mno. Transfoma yetu ilikuwa ya kVA 200. Koili yangu ni kama kilowati moja. Ningeizima usiku ule, transfoma si ingelipuka tu? Ingelipuka. Basi sikuilipua mimi.

Nikiwa chuo kabla ya karo kunishinda, kuna kitabu nilikisoma kwenye simu, Reasons and Persons cha mwanafalsafa Mwingereza Derek Parfit, kilichotoka 1984. Ndani yake kuna mfano ambao sikuwahi kuusahau. Kuna watesaji elfu moja na wateswaji elfu moja. Kila mtesaji anabonyeza kitufe kimoja, na kitufe hicho kinaongeza maumivu ya kila mteswaji kwa kiasi kidogo hivi kwamba hakuna anayeweza kuhisi tofauti. Vitufe elfu vikishabonyezwa, watu elfu wako kwenye mateso makali. Kila mtesaji anaweza kuapa kwamba hakumuumiza mtu. Parfit anasema wote wana hatia, kwa sababu swali halikuwa tu kitendo changu kimefanya nini, bali sisi kwa pamoja tumefanya nini.

Wakati ule niliona ni mfano wa watu wenye muda. Sasa ninaishi ndani yake, na hata ni mbaya zaidi, kwa sababu ya jambo moja la fizikia ambalo Parfit hakulihitaji. Joto kwenye waya haliongezeki sambamba na mkondo wa umeme. Mkondo ukiwa mara mbili, joto ni mara nne. Maana yake koili yangu saa nane mchana, watu wakiwa kazini, haikuwa na uzito sawa na koili hiyo hiyo saa mbili usiku. Ilikuwa kilowati ile ile, lakini juu ya transfoma iliyokwisha kulemewa ilichoma zaidi. Mimi wa mwisho kupanda nilikuwa mzito kuliko mimi wa kwanza. Na kwa kuwa kila mmoja wetu angeweza kuitwa wa mwisho, sote tulikuwa wazito.

Bado nilihisi kuna kitu sijakigusa. Kama hatia yangu ni uzito, mbona Mathe naye alikuwa na friji? Yeye pia alikuwa juu ya ile transfoma. Tofauti yetu ilikuwa nini, mbali na hamsini zake?

Nilifanya kitu cha kijinga kidogo. Nilihesabu. Jengo letu lina orofa saba, vyumba kumi kila orofa. Mita zilizokuwa kwenye ukuta chini ya ngazi zilikuwa tisa. Barabara yetu ina majengo sita ya aina hiyo, vyumba kama 420, chini ya transfoma moja ambayo mtu, mahali fulani, aliichagua. Huyo mtu aliangalia karatasi. Karatasi ilimwambia kuna wateja wangapi na wanakula kiasi gani. Mfumo wa stima wa jiji hukua hivyo: unaangalia matumizi yaliyorekodiwa, unakisia ya kesho, unaweka transfoma, unavuta laini, unajenga kituo. Kwenye ile karatasi Mathe alikuwepo. Kila uniti yake 18 ama 22 za mwezi ilikuwa imesema: niko hapa, nawekeeni nafasi. Mimi sikuwepo. Na wengine kama mimi mamia hatukuwepo. Nafikiri hilo ndilo kosa lenyewe. Zile 400 nilizompa fundi badala ya kampuni ni jambo dogo. Niliweka uzito wangu kwenye kitu ambacho mwingine anakitegemea, na nikahakikisha kwamba anayekijenga hajui nipo.

Nilimweleza haya jamaa mmoja wa pale base, mwenye kinyozi. Alinisikiliza huku akinyoa mtu, halafu akaniuliza, "Na wao? Walituhesabu lini?"

Swali lake lina miguu. Mwaka wa 1908 mhandisi Clement Hirtzel alipewa haki ya pekee ya kuuza stima Nairobi. Ulikuwa mji wa reli na walowezi, na waya ulifuata waliokuwa na uwezo wa kulipa. 1922 kampuni ya Nairobi na ya Mombasa ziliungana, ikaja East African Power and Lighting. Mji ukala ukashiba, ukataka tena: 1954 ikaundwa kampuni ya kuleta stima kutoka Uganda kwa laini ya Tororo mpaka Juja. 1968 bwawa la Kindaruma. 1981 Olkaria na Masinga mwaka mmoja. Mvua zilipokosekana karibu na 2000, jiji likagawiwa stima kwa zamu, watu wa umri wangu tunasimuliwa tu. Kila mara Nairobi iliponyoosha mkono, ilinyoosha mbali zaidi, na nyaya zikapita juu ya Mathare na mitaa mingine kwa miaka mingi bila kushuka. Kuunganishwa rasmi kulikuwa shilingi 35,000 hadi ilipoteremshwa kuwa 15,000 mwaka wa 2015. Chumba changu kilikuwa kodi ya 4,500. Waya wa sambaza ulikuja kwa sababu hakuna mwingine aliyebisha mlango.

Kwa hiyo kinyozi yuko sawa, na hata angeweza kwenda mbali zaidi. Ili Olkaria IV ijengwe, familia za Wamaasai zilihamishwa mwaka wa 2014, na malalamiko yao yalifika mpaka Benki ya Dunia. Kuhusu ile mitambo ya upepo ya Loiyangalani, mahakama ya mazingira na ardhi mjini Meru iliamua 2021 kwamba hati za ardhi hiyo zilipatikana bila kufuata sheria. Laini ya kutoka huko inapita zaidi ya kilomita 400 juu ya watu na ng'ombe, wengi wao wakipika kwa kuni chini yake, ili mimi hapa mjini niache koili ikiwaka. Kama kuiba ni kuweka uzito wako mahali ambapo hujahesabiwa, basi jiji lenyewe limeketi juu ya watu ambao halijawahi kuwahesabu. Hata mtu wa Lavington anayelipa bili yake siku ya kwanza ya mwezi yuko ndani ya deni hilo. Risiti yake ni safi, hilo sibishi.

Lakini nilipojaribu kulipeleka hilo kwa Mathe, halikupelekeka. Ningesemaje? Kwamba samaki wako waliharibika kwa sababu mwaka wa 1908 kuna Mzungu alipewa leseni? Deni la jiji kwa mtu wa Marsabit halifuti deni langu kwa mwanamke wa chini ya ngazi yangu. Yote mawili yapo. Kinyozi hapendi nikisema hivyo, anasema nimeanza kuongea kama mhubiri. Labda. Ila yeye mashine yake ni ya sambaza na alipoteza siku tisa za kazi pia, na sijamsikia akimlaumu Hirtzel kwa hilo. Amemlaumu fundi.

Transfoma mpya ililetwa siku ya kumi, ikiwa juu ya lori, na watoto waliikimbilia kama gari la harusi. Ilikuwa ya ukubwa ule ule. Nilisoma ile plati kabla haijapandishwa: 200. Bila shaka. Kwenye karatasi hakuna kilichobadilika.

Nilimwendea mwenye nyumba kuomba mita. Ilinichukua wiki sita na maneno mengi, kwa sababu kila mita mpya ni mtu mmoja zaidi anayeandikwa, na kuna watu wenye majengo wasiopenda vyumba vyao viandikwe mahali popote. Mwishowe alikubali mita ndogo kwa vyumba vinne vya upande wetu, tugawane. Wawili walikataa, wakabaki na fundi. Siwalaumu kwa sauti. Stima yangu sasa inanigharimu zaidi ya 400, na chumba ni baridi. Nilipata sweta Gikomba. Maharagwe nachemshia kwa gesi.

Kwa Mathe sikuwahi kukiri kwa maneno kamili. Nilimpelekea risiti ya tokeni yangu ya kwanza, kama mtoto anayeonyesha daftari. Aliisoma akanirudishia. "Sawa," akasema. "Lakini mwanangu, hujanijibu." Na ni kweli sijamjibu. Hakukosea popote, na ilimpata. Nimeandika maneno mengi sana hapa na bado sina sentensi ya kumpelekea.

Waya wa zamani bado unaning'inia nje ya mlango wangu, ncha yake imefungwa na gundi nyeusi. Fundi akipita huugusa kwa kidole na kunitazama. Juzi saa mbili usiku taa ilianza kufifia, ile rangi ya chungwa inayokuja kabla ya mambo kuharibika. Simu ikalia. Ilikuwa Mathe. "Ya kwako imefifia? Nataka kumwekea mtoto ile mashine." Nilikuwa nimewasha birika la chai. Nikalizima, nikafungua mlango, nikaanza kubisha kwa majirani mmoja mmoja.